Si Mnapewa na Serikali?

Ujumbe ulinikuta kwenye foleni ya malipo. Nilikuwa nimekaa chini ya mwembe nje ya ofisi ya kijiji, kitambulisho cha mama kiko mkononi, mbele yangu wamebaki kama watu kumi, simu ikatetemeka kwenye pindo la kanga. Siku mbili nyuma nilikuwa nimemwandikia baba wa mtoto wangu kwamba shule zinafunguliwa, mtoto anataka viatu, sare na madaftari, jumla shilingi 35,000. Akajibu kwa maneno manne: "Si mnapewa na serikali?"

Nikaifunga simu tena kwenye pindo, nikatazama mbele. Kwa dakika tano hivi niliona ana hoja, sitadanganya. Nimekaa pale nasubiri hela ya serikali, nitabishaje?

Hiyo ni miaka michache iliyopita. Tangu siku ile nimezunguka ofisi kwa miguu na kwa bodaboda za mkopo, na swali lile nimelisikia kwa watu wengi. Mwenyekiti wa kitongoji aliniuliza. Shangazi yake baba mtoto aliniuliza. Mwishowe likaulizwa mbele ya hakimu.

Kaya yetu ni ya mama. Tuko mkoa wa Tanga, upande wa machungwa, kijiji nakiacha bila jina. Tuliingia kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ule ambao kila mtu anauita TASAF, kupitia mkutano wa hadhara. Kama hujawahi kukaa kwenye mkutano wa namna ile, jua kwamba majina yanasomwa kwa sauti, kisha kijiji kinaulizwa kama fulani kweli ni maskini. Jirani aliyekuja kwako jana kuomba chumvi anasimama na kusema, "Wale wana mbuzi wawili." Mama akanyanyuka, akasema mbuzi mmoja si wetu, tunamfugia mtu. Watu wakacheka, tukapita.

Baadaye akaja kijana na dodoso. Akaandika kila anayelala pale: mama, mimi, mdogo wangu wa kiume, mtoto. Alipofika kwa mtoto akauliza, "Baba yake?" Nikajibu, "Hayupo." Akaandika. Hakuuliza yuko wapi, na mimi sikumwambia kwamba siku ile baba mtoto alikuwa Tunduma kwenye foleni ya malori, anasubiri kuvuka kwenda Zambia. Hayupo na hayupo zinatofautiana, lakini aibu haina muda wa kufafanua.

Hela yenyewe inakuja kwa madirisha, dirisha moja kwa miezi miwili. Sisi watu wanne, dirisha likiwa zuri, tulikuwa tunapata kama shilingi 44,000. Gawa kwa siku 60, kisha gawa kwa wanne: shilingi 183 kwa mtu kwa siku, haifiki bei ya chapati. Siibezi. Hela hiyo ilimnunulia mama kuku wa kuanzia, na mwaka mmoja ililipia bima ya afya, CHF iliyoboreshwa, shilingi 30,000 kwa kaya ya hadi watu sita, mdogo wangu akatibiwa mguu. Ila kazi yake ni kuzuia kaya isizame, na inakuja na masharti. Mtoto wa shule ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Mtoto mdogo apelekwe kliniki apimwe uzito. Fomu inakwenda shuleni, mwalimu anajaza, inarudi. Binti yangu alipoumwa malaria, nilimfuata mwalimu mwenyewe kabla ya fomu kujazwa, karatasi ya zahanati nimeishika, nisije nikakatwa.

Nilipokuwa natoka pale shuleni ndipo nilipolielewa vizuri swali la baba mtoto, na hoja yake ikaniponyoka. Mimi ninayeamka na mtoto usiku, ninayemwogesha, ninayembeba mgongoni kwenda zahanati, nina fomu. Nakaguliwa. Yeye hakuna mwalimu anayemjazia mahudhurio. Baba anaweza kukosa asilimia 100 ya mwaka na hakuna dirisha lake litakalokatwa. Sina ugomvi na masharti yangu, nayaona yana maana. Ninachouliza ni kwa nini watu wakizungumza habari za "kulea kwa hela ya serikali" wananitazama mimi.

Sasa habari ya sisi wawili. Posa ilikuja, mahari haikufika. Wakati ule alikuwa bado utingo, hajakabidhiwa gari. Nilipobeba mimba alifurahi, au alijifanya kufurahi, nami sikuwa na kipimo. Mtoto alipozaliwa ndugu zake walikuja kwenye arobaini na kanga doti mbili, sabuni na mchele, mama yake akamnyoa mtoto nywele kwa mkono wake na kumpa jina la marehemu dada yake. Nakumbuka nililia kwa furaha. Sikujua kwamba nywele zile zingekuja kuwa ushahidi.

Baba mtoto akapata gari, akapata njia ya Lubumbashi, akapata na mke, wa ndoa kabisa, na cheti. Hela ya mtoto ikaanza kuchelewa, halafu ikaanza kupungua, halafu ikawa ya sikukuu tu.

Kuna jambo lililonichelewesha karibu mwaka mzima kwenda kudai, na naliandika kirefu kwa sababu najua liko kwenye vijiji vingi. Ni uvumi kwamba ukidai matunzo utatolewa TASAF. Mama mmoja kwenye kikundi chetu cha kuweka akiba alisema ana ndugu yake Korogwe aliyetolewa hivyo. Nilipomuuliza jina la huyo ndugu, akawa si ndugu tena, ni mtu aliyesikia kwa mtu. Lakini hofu haitaki jina. Ukiwa na 44,000 ya uhakika kila dirisha, na upande wa pili kuna ahadi ya mwanaume aliyekwisha kukudanganya, utachagua nini? Mama aliniambia, "Mwanangu, usitupe mbachao kwa msala upitao." Tukanyamaza.

Nilikuja kumuuliza mtendaji wa kijiji siku moja nimekwenda kwa jambo lingine, nikaulizia kama mtu anayeulizia habari za jirani. Akacheka, akajua ni mimi. Akasema kaya haitolewi kwa sababu mtu amekwenda ustawi wa jamii. Inatolewa hali ya kaya ikibadilika, na hilo linaangaliwa kwa uhakiki na tathmini, kaya nzima, nyumba, chakula, mali. "Dada, hata akikupa hiyo hela unayoitaka, utakuwa tajiri?" Nikasema hapana. "Basi nenda."

Nikaenda. Ofisi ya ustawi wa jamii wilayani ina mabenchi mawili nje, na kila asubuhi yanajaa wanawake wenye watoto mapajani. Nilidhani nitakuwa peke yangu. Wengine walikuwa wake wa ndoa kabisa, na hilo lilinipunguzia aibu, ingawa sijui kwa nini shida ya mwenzangu inipunguzie aibu yangu.

Afisa alikuwa dada wa makamo, mkavu, haongei sana. Aliniuliza mambo yote kwa mpangilio: mtoto alizaliwa lini, kliniki gani, nani alilipia kujifungua, mwisho wa hela ni lini, kiasi gani, kwa njia gani. Kisha akauliza, "Unataka nini?" Nikaanza kueleza jinsi alivyonidhalilisha. Akanikatisha kwa upole: "Hilo ni lako na yeye. Mtoto anataka nini?" Nikakosa la kusema. Akanipa kipande cha karatasi, akaniambia nikakae kwenye benchi niandike mahitaji ya mtoto ya mwezi mmoja, kitu kimoja kimoja na bei yake. Ilinichukua saa nzima. Sikuwa nimewahi kuandika gharama ya mtoto wangu. Mafuta ya kupaka, unga, dagaa, sabuni, kiberiti cha taa yake ya kusomea, nauli ya hospitali. Ilifika shilingi 78,000. Nikaitazama ile namba nikajua kwamba siku zote nusu ya mzigo wake ulikuwa juu ya bega la mama yangu.

Yule dada ndiye aliyenieleza sheria, naye alieleza vizuri kuliko wanaoieleza redioni. Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, haiulizi kama wazazi walioana. Wajibu wa mzazi umeorodheshwa: chakula, malazi, mavazi, matibabu na chanjo, elimu, hata haki ya mtoto kucheza na kupumzika. Akaniambia, "Mshukuru Mungu hukuzaa zamani." Kabla ya hapo, Tanzania Bara, mama wa mtoto wa nje ya ndoa alikuwa chini ya sheria ya tangu ukoloni, na kikomo cha matunzo ambacho mahakama ingeweza kuamuru kilikuwa shilingi 100 kwa mwezi. Mia moja. Kikomo hicho kiliachwa pale huku shilingi ikishuka thamani miaka nenda miaka rudi, mpaka ikawa nauli ya kwenda mahakamani ni kubwa kuliko hukumu. Na ng'ambo ya bahari kidogo, Zanzibar, sheria ya mwaka 1985 ilikuwa inampeleka jela mwanamke asiye na mume akionekana na mimba, hadi ilipobadilishwa mwaka 2005. Nilipolisikia hilo nilinyamaza. Mwaka 2005 mimi nilikuwa msichana wa shule. Si habari za bibi zetu hizo.

Wito wa kwanza baba mtoto aliupuuza. Wa pili ulipitia kwa mwenyekiti wa mtaa anakoishi na mkewe, akaja. Alikuja amenyoa, amevaa shati la mikono mirefu, ananukia. Alimwamkia yule afisa "Shikamoo" ingawa walikuwa rika moja. Tulikaa, tukaandikishana: shilingi 40,000 kila mwezi, sare na madaftari tugawane, ugonjwa mkubwa aitwe. Akasaini. Alilipa miezi miwili. Mwezi wa tatu simu ikawa haipatikani, mwezi wa nne akapatikana na kusema, "Yule mtoto mwenyewe sina uhakika naye."

Wanawake wenzangu watanielewa nikisema kwamba kukataliwa mimba kunauma, lakini kukataliwa mtoto wa miaka saba, ambaye ana meno yako na mwendo wako, ni kitu kingine. Sikujibu. Nilikwenda kwa msaidizi wa kisheria wa kata, mzee mstaafu wa ualimu anayefanya kazi ile bila malipo, nikamwambia nataka mahakamani.

"Una nini mkononi?" akauliza. Nikasema sina kitu, sina hata hela ya DNA. Nilikuwa nimeshasikia kwamba kipimo ni shilingi 100,000 kwa mtu mmoja, na sisi ni watatu, na kwamba huwezi kujiendea tu kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, lazima upitie mahakama, wakili, ustawi au mamlaka nyingine inayoruhusiwa. Mzee akavua miwani. Akasema DNA ni njia moja tu. Kifungu cha 35 cha sheria ileile kinakubali mengine: jina la mzazi kwenye rejista ya vizazi, sherehe ya kimila aliyofanya baba, kumkubali mtoto hadharani. Na mtu akiamriwa kupima akakataa, huko kukataa nako mahakama inakutazama. Basi tukaanza kukusanya. Arobaini: mashahidi watatu, akiwemo mama jirani yuleyule aliyetuchomea kwa mbuzi wawili. Kadi ya kliniki. Na simu yangu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, ambayo mdogo wangu alikuwa anataka kuiuza kwa fundi kwa shilingi 5,000. Ndani yake kulikuwa na ujumbe wa miaka minne nyuma: "Nimetuma 20, mnunulie mwanangu maziwa."

Mzee akausoma kwa sauti, akautazama tena. "Neno mwanangu hili," akasema, "lina thamani kuliko hiyo 20."

Mahakama ya Mtoto haikai kama mahakama za kwenye tamthiliya. Chumba kidogo, mlango umefungwa, hakuna watazamaji. Hakimu, afisa ustawi, sisi, na baba yake mdogo aliyekuja kumsindikiza. Baba mtoto aliposimama alisema kwanza anataka DNA. Hakimu akamweleza gharama, na kwamba aliyeiomba ajiandae kuilipia. Akatazama chini, akamtazama baba yake mdogo, akasema basi tuendelee. Akaja na la pili, lile nililolizoea. "Mheshimiwa, huyu anapewa hela na serikali. Yeye na mama yake. Mimi nina familia."

Hakimu hakukasirika. Aliniuliza ni kiasi gani, nikataja. Akaandika. Akaniuliza napata ngapi kwa cherehani, nikasema msimu wa sare hata 60,000 kwa mwezi, msimu mwingine hata 15,000. Akaandika. Akamgeukia yeye, akamuuliza tripu moja ya Lubumbashi mileji, ile hela ya safari ya dereva, ni kiasi gani. Akasema haieleweki, inategemea. Inategemea nini? Kimya. Akaandika na hilo. Sheria inamtaka aangalie kipato cha wazazi wote wawili, watoto wengine alionao kila mmoja, gharama za maisha ya mahali mtoto anapoishi, na mke wa baba mtoto na watoto wake nao walihesabiwa. Sikuona vibaya. Wale watoto hawakunikosea.

Kwenye uamuzi, habari ya TASAF ilipewa sentensi moja tu. Alisema ruzuku ile imetolewa kwa sababu kaya haina, kwa hiyo haiwezi kugeuzwa kuwa ushahidi kwamba kaya inayo. Akaendelea na mengine. Mimi nilibaki palepale kwenye ile sentensi. Mwaka mzima nilikuwa nimetafuta jibu la yale maneno yake manne, nikitunga majibu marefu usiku, mengine ya matusi.

Nina rafiki niliyesoma naye sekondari, sasa yuko Marekani, naye alizaa bila ndoa akapita kwenye msaada wa serikali ya huko. Nilipomsimulia haya alicheka. Kwao mambo yako kinyume. Tangu sheria ya mwaka 1975, mama akiomba msaada wa fedha anatakiwa amtaje baba na kusaidia apatikane, isipokuwa kama ana sababu nzito, kwa mfano baba ni mtu wa kupiga. Serikali inamfuata baba, inamdai, na kinachopatikana mara nyingi inaanza kujilipa yenyewe ule msaada iliompa mama. Kiasi kinachomfikia mtoto kinategemea jimbo. Colorado ndiyo ilikuwa ya kwanza kumwachia mama chote, tangu mwaka 2017. Mahali pengine mama hapati hata senti ya kile alicholipa baba mpaka atoke kwenye msaada. Mwanzoni nilimwonea wivu kwamba kuna serikali inayomkimbiza mwanaume kwa niaba yako. Alipofika hapo pa kujilipa, wivu ukaisha. Baba analipa, mtoto haoni, halafu baba anasema "nimelipa" na mama anasema "sijapokea", na wote wawili wanasema kweli. Huku kwetu angalau hela ikitoka inafika. Tatizo letu ni kutoka.

Amri ilikuwa shilingi 50,000 kwa mwezi, nusu ya gharama za shule, na matibabu. Inadumu mpaka mtoto afikishe miaka 18, na inaweza kuongezwa kama bado anasoma. Watu wanadhani hapo hadithi imekwisha. Angekuwa mwalimu au askari, mwajiri angeambiwa akate kwenye mshahara. Dereva wa lori anayelipwa kwa tripu, bila mkataba wa maandishi, bosi wake akiulizwa anasema huyu ni kibarua tu. Basi hela inakuja kama mvua za vuli. Miezi mitano mfululizo alilipa bila kukumbushwa, na mwezi mmoja akatuma na 10,000 ya ziada, akaandika "ya keki". Binti alikuwa anatimiza miaka minane. Nasema na hilo pia, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mtoto aliila ile keki siku mbili.

Mwaka jana walikuja tena kwa uhakiki. Mara hii alikuwa binti mwenye kishikwambi. Alipofika kwa mtoto akauliza, "Baba yake?" Nikasema, "Yupo. Analipa kwa amri ya mahakama, 50,000, miezi mingine." Mama alinikanyaga mguu chini ya kiti. Yule binti akainua macho: "Niandike analipa au halipi?" Tukakaa tukahesabu wote watatu, na vipande vya ujumbe wa miamala kwenye simu: miezi saba kati ya 12. Akaandika hivyo. Bado tumo kwenye mpango, na dirisha la mwisho nililipokea mimi kwa niaba ya mama kwa sababu magoti yanamsumbua.

Sasa hivi baba mtoto amefikisha miezi mitatu bila kutuma. Nimeomba kukazia hukumu, inatajwa Jumanne. Nauli ya kwenda na kurudi ni 6,000, nimeshaiweka kwenye kopo, na jana usiku nilimaliza kushona sketi nne za wateja ili nisiwe na deni la siku hiyo. Ile simu ya kioo kilichopasuka nimeichaji.